SPIKA INA MDOMO, HAINA MASIKIO
Kisa cha usiku tatu za kuwaita bweha kule Kongwa

Mpenzi msomaji, wewe mtoto wa mjini ukisikia neno "mlio", akili inakwenda moja kwa moja kwenye simu. Nani kapiga, nani kabipu, nani anakuona halafu hapokei. Mimi nami nilikuwa hivyo hivyo mpaka kiangazi cha 2024, nilipokwenda kumsalimia mjomba wangu katika wilaya ya Kongwa, kijiji kimoja upande wa kwenda Mkoka. Nilifika nikakuta wazee wamekaa chini ya mti wanabishana kuhusu sumu.

Kisa chenyewe kilikuwa hivi. Ndani ya mwezi mmoja mjomba alipoteza vitoto saba vya mbuzi. Hakuna kelele, hakuna damu ya maana, ila asubuhi ukihesabu, kimoja hakipo. Mzee mmoja anasema huyo ni fisi. Wa pili anasema, fisi gani wa kuiba kimyakimya, huyo ni bweha. Wa tatu anaapa kwamba ni mbwa wa majirani, wale wanaolala njaa. Kila mmoja na ushahidi wake, na kila mmoja anaona wenzake hawajui kitu.

Mwishowe jamaa mmoja aliyekuwa kimya muda wote akakohoa, akasema, "Tunajisumbua bure. Tafuta mzoga, upake dawa ya kuogeshea ng'ombe, uweke porini. Atakayekufa ndiye mwizi."

Basi bwana, wazee wakaanza kutikisa vichwa kukubali. Mimi nikashtuka. Sumu haichagui. Bweha akila akafa, tai watashuka wamle bweha, nao wafe. Mbwa wa bibi jirani atapita hapo, naye kwisha. Tai wamepungua sana Afrika, na sumu za namna hiyo ni moja ya sababu kubwa. Halafu kuna serikali. Sheria ya Kuhifadhi Wanyamapori ya mwaka 2009 imekataza kuwinda kwa sumu, na hata kuua mnyama pori bila kibali ni kesi.

Nikajikuta nimefungua mdomo mbele ya watu wazima: "Mjomba, nipe siku tatu. Nitawaletea mwizi mwenyewe hapa, mumwone kwa macho yenu."

Mjomba akanitazama kuanzia kofia mpaka raba. "Utamleta na nini?"

Nikatoa mfukoni simu ya kupangusa, na kutoka kwenye begi nikatoa spika yangu ndogo ya kuchaji, ile ninayosikilizia muziki gheto. Wazee wakacheka mpaka mmoja akapaliwa na ugoro.

KUWAITA WANYAMA SIO UCHAWI

Sikuwa nimelitoa hewani jambo lile. Marekani kuna mnyama anaitwa koyote. Ni wa ukoo mmoja na bweha wetu, na kwa ujanja hawajaachana mbali. Wawindaji wa kule hawamfukuzi, wanamwita. Wanajificha kichakani, wanapiga sauti ya sungura aliyekamatwa, na koyote akisikia anajua kuna chakula cha bure, anakuja mwenyewe. Zamani walipiga sauti hizo kwa sahani za santuri, baadaye kaseti, na siku hizi wana mashine za kielektroniki zenye rimoti na sauti chungu nzima. Wengine wanatumia filimbi za kupuliza kwa mdomo. Wale mabingwa wenyewe hubeba vyote viwili.

Kwetu huku wataalamu nao wamefanya hivyo, tena bila bunduki. Mwaka 1994 Karen McComb, Craig Packer na Anne Pusey walitoa matokeo ya kazi yao Serengeti. Walipiga kwa spika ngurumo za simba jike wageni, wakawaangalia wenyeji watafanya nini. Ikisikika ngurumo ya simba mmoja, wenyeji walisogea bila wasiwasi mwingi. Zikisikika za watatu kwa pamoja, walikuwa wazito. Kumbe simba naye anahesabu kabla ya kuingia ugomvini! Kule Maasai Mara, Kenya, Joseph Ogutu na Holly Dublin nao waliandika mwaka 1998 kuhusu simba na fisi wanavyoitikia sauti za spika, na njia hiyo imetumika sana kuwahesabu wanyama wakali ambao mchana huwaoni.

Kwa hiyo nilikuwa na hoja. Nilichokosa ni akili ya kuitumia.

USIKU WA KWANZA: MNYAMA ANALIA KIZUNGU

Kabla ya yote mjomba alinipeleka kwa mwenyekiti wa kitongoji. Huwezi kukaa porini usiku na tochi bila mtu kujua, utaitwa jangili. Mwenyekiti akampigia bwana nyama wa wilaya, naye akasema: kutazama ruksa, silaha hapana, na askari wa wanyamapori wa kijiji awepo. Askari mwenyewe alikuwa na shughuli usiku ule, akaahidi kuja kesho yake. Mjomba akasema basi twende sisi wawili, tujaribu karibu karibu tu.

Nilikuwa nimepakua sauti ya sungura wa Ulaya, inalia utadhani anachunwa ngozi akiwa hai. Tukakaa kwenye kichaka, spika miguuni kwangu, nikafungulia mpaka mwisho. Dakika kumi. Ishirini. Arobaini. Aliyekuja ni mbwa wa jirani, akanitambua, akatikisa mkia, akalala.

Mjomba alivumilia mpaka akashindwa. "Mjomba," akaniambia, maana na yeye huniita hivyo hivyo, "huyo mnyama wako analia Kizungu. Bweha wa hapa shule hawakwenda."

Nilicheka lakini iliniuma. Baadaye nilikuja kuona utani ule una mashiko. Desemba 2023 Claire Spottiswoode na Brian Wood walitoa utafiti juu ya yule ndege anayewaongoza watu kwenye mizinga ya nyuki, mlembe. Wahadzabe wa kaskazini mwa Tanzania humwita kwa mluzi wao, na Wayao wa Msumbiji humwita kwa mlio wao mwingine kabisa. Watafiti wakazirekodi sauti zote mbili na kuzipiga kwa spika. Kwenye vilima vya Kidero, kwa Wahadzabe, ndege walikuwa tayari kushirikiana na mluzi wa nyumbani zaidi ya mara tatu kuliko mlio wa ugenini. Msumbiji ikawa kinyume chake. Yaani hata ndege ana kijiji.

Lakini lugha haikuwa kosa langu peke yake. Tukirudi nyumbani mjomba alinihesabia makosa kwa vidole. La kwanza, upepo ulikuwa mgongoni kwetu, unapeleka harufu yangu ya manukato kule kule ninakomwita mnyama. La pili, nilianza na sauti kubwa. Kama bweha alikuwa karibu, nilimtoa roho. La tatu, niliweka spika miguuni. "Anayekuja anaitazama sauti," alisema. "Ukikaa na sauti, umekaa machoni pake."

Mzee huyu hajawahi kusoma kitabu cha uwindaji. Alichunga mbuzi tangu ana miaka sita.

USIKU WA PILI: MASHINE INAITA, MDOMO UNAKARIBISHA

Kesho yake mchana mbuzi walikuwa wanachomwa sindano. Kila kitoto kilichoshikwa kililia kwa uchungu, nami nikasimama pale na simu nikirekodi. Nikapata dakika tatu za kilio halisi cha mbuzi wa Kongwa. Sungura wa Ulaya nikamfuta.

Usiku tulikuwa watatu: mimi, mjomba na askari wa wanyamapori wa kijiji. Tuliondoka bomani hatua kama mia mbili, tukaketi nyuma ya kichuguu, upepo ukitupiga usoni. Spika nikaiweka mbele yetu hatua arobaini, chini ya kichaka. Tochi tukaifunga karatasi nyekundu ya nailoni, maana mwanga mwekundu hauwashtui sana wanyama.

Nikaanza na sauti ndogo, karibu ya kunong'ona. Dakika mbili, kisha kimya. Nikapandisha kidogo. Tena kimya. Mjomba alisema kimya ndicho kinachomfanya mwizi asogee, kwa sababu mnyama aliyekamatwa hapigi kelele kama redio. Analia, anachoka, analia tena.

Zikapita dakika kama kumi na tano. Ghafla mjomba akanigusa goti. Askari akainua tochi taratibu, na kule mbali tukaona macho mawili, halafu mengine mawili. Bweha, dume na jike kama nilivyodhani, wanakuja kwa kuzunguka ili wapate harufu.

Walipofika kama hatua themanini wakasimama. Spika ilikuwa bado inalia kilio kile kile, na mimi mwenyewe niliyerekodi nikaanza kusikia kinavyojirudia: mee tatu fupi, moja ndefu, mee tatu fupi, moja ndefu. Bweha wa mbele akainamisha kichwa. Akageuza ubavu. Mjomba akaninong'oneza, "Zima."

Nikazima. Sasa msomaji, ungemwona mjomba. Alichuma jani la nyasi, akalibana katikati ya vidole gumba viwili, akapuliza. Kikatoka kilio chembamba, kinakatika katikati kama cha kitoto kinachokata tamaa. Akanyamaza. Akawatazama. Bweha wakapiga hatua tatu, naye hakupuliza. Waliposita ndipo akapuliza kidogo tu. Walipokaribia zaidi akatupa jani, akaweka midomo kwenye mgongo wa kiganja chake na kufyonza polepole: fyuu, fyuu, sauti ndogo kama ya panya. Bweha wa mbele akaja mpaka nikaona mgongo wake mweusi wenye mvi. Hatua kumi na tano, si zaidi.

Hapo ndipo nilipoelewa kwa nini wale mabingwa wa Marekani hubeba vyote viwili. Mashine ina pumzi ndefu, inafika mbali, haikauki koo, na inayavuta macho ya mnyama kule usikokuwepo. Lakini haijui kinachotokea mbele yake. Mdomo unachoka haraka na haufiki mbali, ila una bwana wake, na bwana wake ana macho na masikio. Mashine inaita kutoka mbali. Mdomo ndio unaomkaribisha mgeni ndani.

Basi mjomba akanyamaza kabisa, akaacha tuone. Bweha wakanusa kichaka cha spika, hawakuona nyama. Wakasimama kidogo, kisha wakageuka wote wawili na kuelekea bomani, bila haraka. Hawakuzunguka kutafuta pa kuingilia. Walikwenda moja kwa moja kwenye kona ya chini ya ua wa miiba, na wa mbele akainama akaingiza kichwa na mabega kama mpangaji anayeujua mlango wake. Askari akarusha mwanga na kupiga ukelele, wakachomoka wakapotea.

Asubuhi tukaenda pale na wale wazee wote wa sumu. Miiba ya chini ilikuwa imekauka na kuliwa na mchwa, imebaki nafasi ya kupitisha debe. Manyoya ya bweha yamenasa kwenye miiba. Hakuna aliyebishana tena. Siku ile ile ua ukajengwa upya kwa miiba mibichi, mawe yakapangwa chini, na vitoto vya mbuzi vikahamishiwa ndani ya tembe usiku. Habari ya sumu ikafa kifo cha kimya.

Ningeishia hapo ningekuwa shujaa. Tatizo langu, mpenzi msomaji, ni sifa.

USIKU WA TATU: KASHESHE

Jumamosi yake walikuja washikaji zangu wawili kutoka Kibaigwa na pikipiki. Nilikuwa nimewapigia kuwasimulia, nao wakataka kuona. Mjomba alikuwa amekwenda msibani. Nikasema kwani shida iko wapi, mashine si ninayo?

Sikumwambia askari. Sikumwambia mwenyekiti. Spika niliiweka karibu na nyumba, upande wa boma la bibi jirani, kwa sababu washikaji walikuwa wavivu kutembea. Upepo sikuupima. Sauti nikafungulia yote, kilio kikajirudia bila kupumzika, nasi tumekaa pembeni tunapiga stori na kutafuna karanga.

Baada ya kama nusu saa tukasikia nyuma yetu ule mlio unaoanzia chini na kupanda juu, uuu-wiip! Wa kwanza ulikuwa mbali. Wa pili haukuwa mbali. Mlio wa fisi husafiri kilomita kadhaa na kuwaita wenzake, na wenzake wakajibu kutoka pande mbili.

Sitaki kukudanganya kwamba tulirudi nyuma kwa utaratibu. Tulikimbia. Mshikaji mmoja aliacha ndala, mwingine aliacha pikipiki. Tulijifungia ndani ya tembe la mjomba, tukashikilia mlango kwa mabega.

Halafu kupitia ukutani nikasikia kitu ambacho mpaka leo kinanijia usiku. Spika ilikuwa inaendelea kulia. Mee tatu fupi, moja ndefu. Simu nilikuwa nimeidondosha pale pale, kwa hiyo hakukuwa na wa kuizima. Fisi wamefika, wanazunguka, wanacheka kile kicheko chao, na yenyewe inaendelea kuwaita, kwa sauti ile ile, kwa uaminifu ule ule. Mjomba angenyamaza tangu mlio wa kwanza. Spika haina masikio.

Hawakupata nyama kichakani, wakaenda kuitafuta jirani. Asubuhi boma la bibi lilikuwa limebomolewa upande mmoja, na mbuzi wake mmoja, mwenye mimba, hayupo. Spika niliikuta mbali kidogo, imetobolewa na meno. Simu ilikuwa salama. Afadhali ingeliwa.

Nilikwenda kwa bibi nikapiga magoti. Nilitegemea matusi. Yeye akanitazama tu, akasema, "Mjukuu wangu, uliita. Aliyeitwa amekuja. Sasa nimlaumu fisi?"

Bwana nyama alipofika hakuwa mpole kama bibi. Mfugo ukiuawa na mnyama mkali, kuna kanuni za mwaka 2011 za kifuta jasho, na mtu anaweza kupeleka taarifa kupitia kijiji na wilaya. "Lakini huyu," akasema akininyooshea kidole, "hakuvamiwa na fisi. Wewe ulimwandikia barua ya mwaliko." Akanipa onyo mbele ya mwenyekiti, na mbuzi wa bibi ikaamuliwa nitamlipa mimi.

NENO LA MJOMBA

Mjomba aliporudi msibani alinichukua tukatembea mpaka kwenye tambarare moja yenye vichaka vifupi. Akaniuliza kama najua palilimwa nini. Nikasema sijui.

Mwaka 1947 Waingereza walikuja Kongwa na mradi mkubwa wa karanga. Walileta matrekta na mashine za kung'oa miti, mengine yakiwa yametengenezwa kutokana na vifaru vya vita. Ardhi ya Kongwa ikinyeshewa inateleza, ikikauka inakuwa kama saruji, na mvua yake ni ya kubahatisha. Karanga zilizopatikana zilikuwa chache mno kwa fedha zilizotumika, na Januari 1951 serikali ya Uingereza ikatangaza kuuacha mradi.

"Wenyeji waliijua mvua ya hapa," mjomba alisema. "Mashine zilikuwa nzuri tu. Hazikuwa na mtu wa kuzisikilizia."

Hakuongeza neno, nami sikuhitaji aongeze.

Siku ya mwisho alinifundisha kulipuliza jani. Sijaweza vizuri, natoa sauti kama ya mlango usiotiwa mafuta, lakini nafanya mazoezi dirishani kwangu na wapangaji wenzangu wameshalalamika. Spika mpya sijanunua. Nikinunua, sitaitoa nje usiku pasipo mwenyekiti kujua, askari kuwepo, na mzee mmoja pembeni anayejua wakati wa kusema "zima".

Mbuzi wa bibi nimeshalipa nusu. Nusu iliyobaki ndiyo makala haya, kwa hiyo Mhariri nakuomba safari hii usinizungushe. Bibi anasubiri.